Mwendo wa swingi ya gofu kwa fimbo za chuma

Kaka, unasema swingi, yaani kuizungusha fimbo kupiga mpira, hurekebishwa kwa kuifanya polepole. Hapana, kupunguza kasi siyo dawa. Kinachohesabika ni uwiano: kuipandisha fimbo huchukua muda mara 3 ya kuishusha hadi kwenye mpira. John Novosel wa Marekani aliuona alipohesabu fremu (picha mojamoja) za video za wachezaji wa kulipwa: 21 za kupandisha kwa 7 za kushusha, 24 kwa 8, 27 kwa 9. Kwa hiyo hata anayepiga haraka yuko sawa, mradi uwiano ubaki huo.

Ukienda Golf Park, uwanja wa gofu pale Ngong Road, Nairobi, shika fimbo ya chuma namba 8 uhesabu kwa mdundo usiobadilika: anza kwenye moja, fika juu kwenye nne, gonga kwenye tano. Wengi huharibu pale juu, mabega yanakimbilia mpira kabla nyonga hazijageuka. Chipu, yaani mipigo mifupi ya karibu na shimo, usizipime hivi.