Kishikwambi chako na mwanafunzi asiyeona

Walimu wengi wa Tanzania tunavyo vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kisha tukagawiwa. Kama una mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu darasani, usingoje mfadhili. Kifaa unacho. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi ambayo kifaa hicho kinaweza kuyasoma.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, washa TalkBack. Ukipitisha kidole kwenye kioo, sauti inataja kilichopo. Ukigusa mara mbili, kinafunguka. Ukiwa na bando pakua sauti ya Kiswahili na ya Kiingereza. Zote mbili, tafadhali: mtoto wa kidato cha kwanza akisomewa baiolojia ya Kiingereza kwa sauti ya Kiswahili haambulii kitu. Kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ambayo ni ya bure.

Sasa notsi. Mwalimu anapiga picha ukurasa wa daftari, anautupia kwenye kundi la WhatsApp, anaamini amegawa somo. Asiyeona anasikia neno "picha", basi. Chapa hayo maandishi. Ukitumia Word, weka mitindo ya vichwa vya habari iliyomo humo humo badala ya kukoleza herufi tu, kwa sababu kwenye NVDA mwanafunzi akibonyeza Insert na Space kuingia hali ya kusoma, kisha H, anaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Bila hivyo atasikiliza somo zima akitafuta aya moja. Kipeo, kama x², kiandike kwa maneno, la sivyo anaweza kusikia "x mbili" akadhani ndivyo ilivyo. Mchoro wa seli je? Hapo weka kishikwambi pembeni. Uzi na gundi kwenye karatasi ya manila hufundisha vizuri zaidi.

Wenye uoni hafifu niliowafundisha wengi wana ualbino. Mruhusu apige picha ubao, aikuze kwa vidole viwili akiwa amekaa palepale na wenzake. Geuza rangi ili herufi ziwe nyeupe juu ya weusi, maana mwanga mkali unawaumiza macho. Shule nyingi zinakataza simu, kwa hiyo zungumza na mkuu wa shule mapema, kifaa kitunzwe ofisini na kitolewe wakati wa vipindi. Spika za masikioni nazo ni lazima, ila sikio moja libaki wazi limsikilize mwalimu.

Nisichokubali ni kumwachisha mtoto nukta nundu eti sasa kuna sauti. Anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya wasioona huja kwa nukta nundu. Sauti impe kasi ya kupitia kurasa nyingi jioni. Mashine ya nukta nundu ibaki mezani pake kila siku, na insha zake azisome mwenyewe kwa vidole kabla hajakukabidhi.