Maswali yenu ya bunduki za nyati, wiki hii tunaanzia kwenye kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi

*Nichukue .375 au .458 kwa nyati? (wa Njiro)*

Jamani hili swali linarudi kila mara. .375 H&H (Holland & Holland), basi. Ipo tangu 1912, risasi yake ya greini 300 (kama gramu 19) inamtosha nyati, na kwa wanyama wakali hapa kwetu huanzii chini ya hapo. .458 Winchester ya 1956 inatupa greini 500, ni bunduki ya maana kwa aliyeizoea, ila wewe mwenyewe umeandika umeshapiga risasi sita tu za bunduki kubwa, sasa haraka ya nini? Nyati haangushwi na kishindo, anaangushwa na risasi iliyopita kwenye moyo au mapafu, na mtu anayeogopa teke, yaani bunduki inavyomrudia begani, anafumba macho kabla hajavuta triga. Mwambie mwenzio akupakilie, mara aweke risasi mara asiweke, usijue. Ukiona mtutu unachota chini wakati chemba iko tupu, hiyo ndo shida yako, siyo kaliba.

*Nikifunga ile breki ya mdomo wa mtutu teke litapungua?*

Litapungua, ila mlio unatupwa pembeni, na masikio ya mfuata nyayo anayetembea ubavuni kwako yatakufa. Usifunge.

*Kitako kimekuwa kirefu, seremala wangu Moshi anaweza kukata?*

Asiguse! Mi niliwahi kumpa fundi mmoja hapa mjini, akakata akapiga vanishi ikang'aa kweli, risasi ya tatu mbao ikapasuka nyuma ya bolti (kile chuma unachovuta kupakia) kwasababu chuma hakikukaa sawa ndani, teke lote likaenda kwenye ufa mwembamba kama unywele. Mpe fundi wa silaha mwenye leseni, akalishe chuma vizuri ndani ya mbao na apitishe pini za chuma kukaza mbao. Kipimo chenyewe rahisi: vaa koti lako la porini, hakikisha bunduki tupu, fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Kama jicho halijakuta vilengeo vimenyooka, bunduki hiyo siyo ya mwili wako bado.

*Skopu ya ngapi? (wa Usa River)*

1-4, yaani ya kukuza mara moja hadi nne, ikae mbali na jicho kama sentimita 9, la sivyo nyusi itapasuka. Iwe ya kuchomoka haraka, na vilengeo vya chuma viache hapo hapo, kwenye kichaka unampiga nyati hatua 15.

*Bolti aina gani?*

Ya mtindo wa Mauser 98, ukucha wake unaishika risasi tangu inatoka kwenye magazini. Lakini hata hiyo ukiivuta nusu kwa woga ganda halitoki, unasukuma mbele unakuta imejam na mnyama anakuja. Ivute mpaka igonge mwisho, kila siku jioni, na risasi za mazoezi zisizo na baruti.

*Risasi zenyewe?*

Ya kwanza softi (ncha laini inayopanuka), zinazofuata solidi (ngumu, haipanuki, inapenya).

*Kuna njia ya mkato ya kibali?*

Hakuna, na msiniandikie tena. Silaha ni polisi, kuwinda ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori.