Jibu: Reykholt ya Snorri kwa siku moja, mwezi wa pili

Dada uliyeuliza kama inafaa kukodi gari Reykjavík mwezi wa pili, uende Reykholt, kijiji alikoishi Snorri Sturluson, mwandishi wa zamani wa Iceland, na kurudi siku hiyohiyo: inafaa, ila cheki ramani ya simu vizuri maana Iceland ina Reykholt mbili, ya kwako ni ile ya Borgarfjörður huko magharibi, ukibofya tu bila kuangalia utajikuta kusini karibu na Geysir na siku ndo imeisha.

Njia ikiwa kavu ni kama saa moja na nusu. Asubuhi angalia tovuti za road.is (hali ya barabara) na vedur.is (hali ya hewa), wakisema barabara imefungwa usibishane nao. Ukifungua mlango wa gari ushikilie, upepo wa kule unaukunja na bima nyingi hazilipi hiyo. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, aisee lipia tu dereva wa huko.

Pale usikimbilie kanisa. Nenda kwenye kale kabwawa ka mawe ka duara, Snorralaug, pembeni kuna kamlango ka mbao ka njia ya chini kwa chini iliyokuwa inaenda nyumbani kwa Snorri. Jamaa alikuwa mkuu wa sheria wa bunge lao na mwandishi balaa, mwaka 1241 watu wa hasimu wake Gissur wakamuulia hukohuko chini ya nyumba.

Kuoga humo hairuhusiwi, ukitaka kuoga kuna mabwawa ya Krauma, jirani na chemchemi ya moto ya Deildartunguhver. Chemchemi hiyo inatoa maji ya nyuzi 97, mtoto umshike mkono, na mtu akiungua piga 112, namba ya dharura.