Zirkoni ya kahawia isiyochomwa: namna ya kuitambua na kuivalisha fedha Lamu

Usiliamue jiwe la zirkoni ya kahawia chini ya taa ya dukani. Taa nyeupe za LED huigeuza kahawia ikawa kijivu, na jiwe zuri likaonekana kama kipande cha chupa. Litoe nje. Kaa barazani penye kivuli, lishike kwa kibano kwa urefu wa mkono, kisha liinamishe taratibu huku na huku. Zirkoni nzuri hufunguka kama haluwa iliyoinuliwa kwenye mwanga: kahawia yenye wekundu kwa ndani, na kila uso ukigeuka hutoka cheche ya chungwa, ya kijani, ya buluu. Jiwe linalofunga giza katikati likiwa kivulini liache, hata likiwaka vipi juani, kwani pete huvaliwa ndani ya nyumba zaidi kuliko juani.

Zile cheche si za kubahatisha. Uwezo wa zirkoni wa kutawanya rangi za mwanga ni 0.039, na wa almasi ni 0.044. Ni mawe machache ya asili yanayoikaribia almasi hivyo. Kahawia iliyoiva sana huzifunika cheche, ndiyo maana tunapendelea kahawia ya asali au ya mdalasini kuliko ile ya kahawa chungu.

Rangi yenyewe ni kazi ya ardhi. Zirkoni hubeba uranium na thorium kidogo ndani yake, na mnururisho wake kwa mamilioni ya miaka hulitia jiwe rangi. Ukizidi sana, huvunja mpangilio wa ndani, na jiwe hubaki na ukungu, mara nyingi la kijanikijani. Moto hufanya kinyume: huiondoa kahawia. Zirkoni nyingi za buluu zilizoko sokoni zilikuwa za kahawia, hasa za Ratanakiri kule Kambodia, zikachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 hadi 1,000. Jiwe lililochomwa huwa jepesi zaidi kumeguka kingo, na baadhi ya hizo za buluu hurudi kuelekea kahawia zikikaa sana juani. Isiyochomwa ni jiwe lilivyotoka mchangani, na bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko ya buluu. Kwetu sisi huo ni ununuzi bora. Ila muuzaji akiapa kwamba halijaguswa na moto, fahamu kwamba hakuna kipimo cha nyumbani cha kuthibitisha hilo. Kwa jiwe kubwa dai cheti cha maabara, na hata maabara kuna wakati haiwezi kukata shauri.

Unachoweza kuthibitisha mwenyewe ni kwamba hiyo ni zirkoni, wala si zirkonia, jiwe la kiwandani linaloletwa madukani tangu 1976. Majina yanafanana na wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua. Chukua lenzi ya mara 10, tazama ndani ya jiwe mistari ya upande wa nyuma, pale nyuso zilizochongwa zinapokutana. Kwenye zirkoni kila mstari huonekana mara mbili, kama uzi uliochanwa. Ukiitazama kwa juu tu huenda usione kitu, maana wachongaji stadi huliweka jiwe makusudi ili ule uwili usijitokeze mbele. Liinamishe, litazame kwa ubavuni. Zirkonia na glasi hazionyeshi uwili huo kwa upande wowote.

Kipimo cha pili ni uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Jiwe la karati 5 ni gramu 1. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani ya mfukoni inayosoma gramu 0.001, irudishe kwenye sufuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini wala ubavu. Mizani ikisoma 0.213, gawa uzito wa jiwe kwa gramu, hapa 1, kwa 0.213. Utapata karibu 4.7, nayo ndiyo zirkoni. Kwatsi ya kahawia hutoa 2.65, zirkonia 5.6 hadi 6. Kosa la kawaida ni kipovu cha hewa kilichoganda jiweni, ambacho hushusha jibu. Tone moja la sabuni ya vyombo majini hukitoa. Jiwe lisilofika karati 1 usilipime hivi, mizani hiyo haitoshi.

(Wa Malindi huuliza kuhusu mchanga mweusi wa Mambrui. Ni kweli zirkoni imo, lakini ni chembe za mchanga tu, hazichongeki. Ile ya vito, mbali na ya Kambodia, huja kutoka Tanzania, Sri Lanka, Madagaska na Australia.)

Sasa udhaifu wake. Ugumu wa zirkoni ni 6.5 hadi 7.5 kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, lakini kingo humeguka upesi. Vumbi la mchanga lina kwatsi yenye ugumu wa 7, na Shela mchanga huingia hata sandukuni. Kwa hiyo kwa Lamu tunashauri kidani au vipuli kabla ya pete. Ukitaka pete, sonara azungushe ukuta wa fedha laini, aukandamize kwa zamu pande zinazokabiliana, asianze upande mmoja mpaka mwisho. Mafundi wa Lamu wamezoea kufunga vipande vya vyungu vya kale vya Kichina kwenye fedha, na kigae huvumilia kuzibwa chini. Zirkoni iachiwe tundu pana nyuma, kwa sababu mafuta ya nazi na udi hutanda chini ya jiwe na kuufifisha mng'ao, nawe huna pa kupitisha mswaki.

Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto. Mashine ya mtetemo na ya mvuke zisiliguse. Hifadhi kila kito kwenye kitambaa chake. Zirkoni mbili zikikaa karatasi moja husagana, na kwenye lenzi utaona kingo zimekuwa nyeupe.

Pete ikibana ikahitaji kupanuliwa, kito kitoke kwanza. Lehemu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 650 hadi 800 hivi, joto linaloweza kulipasua jiwe au kuibadili kahawia yake, na likishapauka fundi hana la kufanya. Mwambie hivyo kabla hajawasha moto, na usubiri mpaka umekiona kito mezani, nje ya pete.