Maswali ya Wasomaji: Mbao chache, madirisha kibao

Safari hii tumechagua barua zinazohusu Resident Evil 2, gemu ya mazombi, lile toleo lililotengenezwa upya na kampuni ya Capcom mwaka 2019. Zote zinazunguka jengo moja, kituo cha polisi cha Raccoon City, mji wa kubuni wa gemu hiyo.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Hivi hiki ni kituo cha polisi kweli? Ukumbini kuna sanamu la mungu wa kike, kuna nishani, kuna michoro kila ukuta. Na ile korido ya magharibi ya chini nikiisafisha leo, nikirudi baadaye nakuta mazombi wengine. Wanatoka wapi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Swali lako la kwanza ndilo linalojibu la pili. Kwa mujibu wa hadithi ya gemu, jengo hilo lilikuwa makumbusho ya sanaa kabla polisi hawajahamia. Mwezi Septemba 1998 mji ulipoharibika, waliosalia hai walijifungia humo na kuziba njia kwa chochote walichokipata. Lakini makumbusho hujengwa kwa ajili ya wageni kutembeatembea na kutazama: korido ndefu, kumbi pana, madirisha makubwa. Kulifanya ngome ni kazi ngumu. Mazombi unaowakuta upya wanapita madirishani.

Dawa yake ni mbao. Ukiokota mbao, simama mbele ya dirisha uzitumie; Leon, polisi unayemchezesha, atazipigilia mwenyewe. Seti moja huziba dirisha moja, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbao hazitoshi madirisha yote, kwa hiyo usizibe dirisha la kwanza unaloliona. Jiulize ni korido ipi utaipita mara nyingi zaidi. Kwa wachezaji wengi ni hiyohiyo ya magharibi ya chini, inayopita karibu na ofisi ya magharibi kuelekea chumba cha kusafishia picha na ngazi. Anza huko. Upande wa mashariki utarudi mara chache, unaweza kusubiri.

Kosa la pili ni kuziba dirisha wakati zombi tayari yumo ndani. Huyo umefungiwa naye. Mmalize kwanza, au angalau mpige miguuni mpaka mguu ukatike. Atabaki anatambaa na utamruka. Kabla hujamgeuzia mgongo aliyelala, mchome kisu mara moja. Akishtuka, bado mzima. Na ukitumia bastola, usifyatue hovyo: tulia mpaka alama ya shabaha ijikusanye, ndipo upige. Risasi iliyotulia huumiza zaidi.

Swali: Mfuko wangu umejaa muda wote. Nabeba mbao, naacha mimea, narudi, naacha risasi. Nifanyeje? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Unaanza na nafasi 8 tu, kwa hiyo usizunguke na mbao ukitafuta dirisha. Ziweke kwenye sanduku la vitu, uzichukue ukiwa unajua zinakwenda wapi, na uzitumie safari hiyohiyo. Kisha nenda ofisi ya magharibi ukafungue sefu: kushoto 9, kulia 15, kushoto 7. Ndani kuna mkoba wa kiunoni unaoongeza nafasi 2. Ukipitiliza namba, rudisha mwanzo. Kurudi nyuma nusu nusu hakusaidii. Humohumo kuna meza ya Leon yenye kufuli mbili za herufi: NED kushoto, MRG kulia. Hizo ni herufi za kwanza za majina ya wenzake, tumezitaja tu kwa wenye haraka.

Baruti ya kawaida usiibebe ikiwa mbili. Zichanganye papo hapo zitoe risasi za bastola. Mmea wa kijani na mwekundu nao uchanganye: unapata tiba kamili kwenye nafasi moja badala ya mbili. Halafu tazama ramani. Chumba chekundu bado kina kitu, cha buluu kimeisha, usirudi.

Swali: Nilimaliza na Leon, sasa nacheza na Claire, mhusika mwingine, raundi ya pili. Alama za nishani nilizoandika kwenye daftari zinakataa. Gemu yangu mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Gemu nzima, daftari ndilo la zamani. Nishani hutolewa kwenye sanamu tatu, kila moja ikifunguliwa kwa alama tatu. Raundi ya kwanza sanamu la simba ni simba, mmea, ndege. Farasi mwenye pembe ni samaki, nge, mtungi. Binti ni mwanamke, upinde, nyoka. Raundi ya pili simba ni taji, mwenge, ndege. Farasi ni mapacha, mizani, nyoka. Binti ni kondoo dume, kinubi, ndege. Vile visefu vidogo vya kubeba, vyenye vitufe vinane na taa, havina namba ya kuazima: mpangilio hubadilika kila gemu. Bonyeza moja moja, tazama taa ipi inawaka, uandike.

Swali: Lile jitu lenye kofia linalotufuatafuata kituoni linakufa kwa risasi ngapi? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Halifi kwa risasi. Ukilitwanga sana linapiga goti, linapumzika, linasimama tena, na risasi zako zimekwenda. Milio ya bunduki ndiyo inayoliita. Likikufuata, ingia chumba cha kusafishia picha. Vyumba vya namna hiyo, vyenye taipureta ya kuhifadhi gemu, haliingii. Ukumbi mkuu una taipureta pia, ila wenyewe si salama, linapita humo kama kwake. Na korido yenye kiumbe kile kipofu chenye ulimi mrefu, usiipite mbio ukimkimbia bwana kofia. Kipofu husikia kishindo, na utajikuta unao wawili.