Fowadi Mrefu wa Shule, Fowadi Mfupi wa Kulipwa

Siku yangu ya kwanza ya mazoezi na timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu, mwalimu wa viungo alitupanga mstari kwa urefu ili atugawe makundi. Nikaenda moja kwa moja upande wa warefu, mwisho kabisa, kama nilivyozoea tangu shule ya msingi. Jamaa mmoja akanishika bega, akanisogeza taratibu. Wa pili naye akanisogeza. Nilipokuja kutulia, kushoto kwangu walikuwapo magadi wanne tu, wale wafupi wanaoendesha mpira, na kulia kwangu msitu wa watu. Nina sentimita 198. Maisha yangu yote nilikuwa nainama milangoni, na pale nikawa fowadi mfupi.

Haya namwandikia mdogo wangu aliye sekondari, anayefunga pointi 25 kila mechi akiwa chini ya kikapu, na kila anayemwona anamwambia atafika mbali. Huenda ukafika, mdogo wangu. Ila kazi utakayolipwa huko mbele siyo hii unayopigiwa makofi sasa. Mimi sikuambiwa. Niligundua nikiwa na miaka 22, benchi.

Tuanzie shuleni. Mwalimu akipata mtoto mrefu humweka chini ya kikapu, na simlaumu, maana ana mechi ya kushinda Jumamosi. Mpira unarushwa juu, unadaka, unageuka, unafunga. Mimi sikufundishwa kudunda kwa mkono wa kushoto kwa kuwa sikuhitaji kudunda kabisa. Nikithubutu kuvuka nusu ya uwanja na mpira, nasikia sauti kutoka benchi: "Wewe mrefu, mpe gadi!" Nikampa gadi kwa miaka minne.

Matokeo yake nikakua na ujuzi wa namba nne kwenye mwili wa namba tatu. Kwa wasiofuatilia sana: namba tatu ni fowadi mdogo, anacheza pembeni, anapiga kutoka mbali, na hukabidhiwa kumkaba mfungaji hatari wa wapinzani. Namba nne ni fowadi mkubwa, anasukumana ndani, anaweka skrini (anasimama kumzuia beki ili mwenzake apite), anagombea ribaundi (mpira uliokosa kikapu). Siku hizi mpaka wao umefifia, kwa sababu timu nyingi zinataka hata namba nne asimame nje na apige pointi tatu, ili njia ya kwenda kikapuni ibaki wazi. Mimi kazi ya ndani nilikuwa mfupi, na kazi ya nje siijui.

Kwa hiyo kwenye mechi cheza ndani, timu yako inakuhitaji. Lakini mazoezi yako ya peke yako yawe ya gadi: mkono wa kushoto, pasi ya mkono mmoja huku unatembea, kusimama ghafla na kupiga. Fanya ukiwa na miaka 15. Mimi mkono wa kushoto nilianza kuusomesha nikiwa mtu mzima, na mpaka nastaafu ulikuwa kama mgeni aliyejifunza lugha ukubwani. Anaeleweka, lakini lafudhi inamsaliti.

Masomo nitayagusa kidogo tu, kwa sababu kila mtu amekwisha kukuhubiria. Skauti, yule mtafuta vipaji, wa chuo cha Marekani akikupenda, atakuuliza matokeo yako ya darasani kabla hajakuuliza unaruka sentimita ngapi. Nimemwona mchezaji aliyenizidi kwa kila kitu akibaki nyumbani kwa sababu ya alama. Na kama ndoto yako ni NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, jua hesabu ya drafti, ule uchaguzi wake wa wachezaji wapya wa kila mwaka: timu 30, raundi mbili, yaani majina yasiyozidi 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima, na lazima utimize walau miaka 19 ndani ya mwaka huo. Kuna namna nyingine za kuingia, ila hiyo ndiyo foleni kuu. Watu wengi tuliokula mkate wa mchezo huu hatukupita hapo.

Kuchelewa kuanza, hata hivyo, si kikwazo kama watu wanavyodhani. Dennis Rodman alirefuka baada ya kumaliza shule, akiwa mfanya usafi uwanja wa ndege wa Dallas, na akachaguliwa namba 27 mwaka 1986. Pascal Siakam wa Kamerun alikuwa anasomea upadri, mpira wa kikapu akaushika kwa dhati akiwa kijana mkubwa, naye akachaguliwa namba 27, mwaka 2016. Wote mafowadi. Namba imegongana tu, lakini nimeipenda.

Sasa nirudi kwenye ile benchi. Msimu wangu wa kwanza nilicheza dakika chache mno, zile za mwisho watu wanapoanza kutafuta funguo za magari. Nikaomba kuonana na kocha. Nilikuwa nimejiandaa, nina takwimu zangu za chuo kwenye simu. Hakutaka kuziona. Akaniuliza:

"Ukiingia dakika 12, na mpira hupewi, utanifanyia nini?"

"Nitafunga, Mwalimu."

"Wafungaji ninao watatu. Nimekuuliza utanifanyia nini."

Nilikaa kimya kwa muda ambao mpaka leo unanitia aibu. Akachukua kalamu, akachora uwanja kwenye karatasi, akaweka alama ya X kwenye kona. "Simama hapa. Wakija huku, mkabe yule mkubwa kuliko wewe. Mpira ukikosa, nenda kaulete. Mengine tutaongea mwakani." Nilitoka pale nimenuna. Nikampigia kaka yangu simu, nikamwambia kocha ananichukia. Kumbe alikuwa amenipa ajira.

Hiyo kona ina mambo yake. Kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni, lakini ukifika pembeni unanyooka na umbali unapungua kuwa mita 6.60. Kwenye NBA tofauti ni kubwa zaidi: mita 7.24 juu ya duara, mita 6.70 konani. Kwa hiyo ni pointi tatu za bei nafuu, na ndiyo maana kila timu inataka mtu wa kusimama pale. Tatizo ni nafasi. Uwanja wa FIBA una upana wa mita 15, kwa hiyo kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa pembeni zinabaki sentimita 90. Mimi navaa kiatu namba 48. Unadaka mpira, ncha ya kiatu ikigusa mstari wa mbele unapiga mpira wa pointi mbili. Kisigino kikigusa mstari wa nyuma, refa anapuliza, mpira wa wapinzani. Kuna mechi nilipoteza mpira namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili hakukuwa na mtu karibu yangu.

Nikanunua utepe wa rangi. Nikabandika mistari miwili kwenye uwanja wa mazoezi, sentimita 90, nikaanza kuingia na kutoka mle ndani bila mpira. Nakimbia kutoka katikati, naingia, nasimama miguu yote miwili ikiwa sawa, bila kutazama chini. Wiki nzima bila kupiga hata mpira mmoja. Baadaye ndipo nikaweka pasi. Usidharau hilo la kutotazama chini: ukishusha macho, pasi inakukuta kifuani, na beki anakuwa amekwisha fika. Mikono iwe tayari imeinuka, magoti yamekunjwa, kabla mwenzako hajaamua kama atakupa. Mara nane kati ya kumi hatakupa. Kunja magoti hivyo hivyo.

Ukitaka mfano mkubwa, mtazame P.J. Tucker. Alitoka University of Texas akiwa mchezaji bora wa kanda yao ya vyuo, Toronto Raptors wakamchukua namba 35 mwaka 2006, msimu mmoja tu wakaachana naye. Akazunguka Israel, Ukraine, Ugiriki, Italia, Ujerumani. Alirudi NBA mwaka 2012 na Phoenix Suns, na mwaka 2021 akatwaa ubingwa na Milwaukee Bucks, kazi yake kubwa ikiwa kusimama konani na kuwang'ang'ania watu kama Kevin Durant, anayemzidi urefu kwa mbali. Nyota wa chuo akakubali kuwa mlinzi wa kona. Ni uamuzi mchungu kuliko unavyosikika, kwa sababu ndugu na marafiki watakuuliza kila wikiendi, "Mbona hufungi tena?"

Ribaundi nazo hazitokani na kuruka peke yake. Mpira uliopigwa kutoka kona moja ukikosa, mara nyingi huangukia upande wa pili. Uliopigwa kwa mbali huruka mbali. Rodman, ambaye urefu wake haukuzidi sentimita 201, aliongoza NBA kwa ribaundi misimu saba mfululizo, 1992 mpaka 1998, na alikuwa akisimama mazoezini akisoma mpira wa kila mwenzake unavyozunguka hewani. Mimi nilifanya kidogo tu: nilijua gadi wetu akichoka mipira yake inakuwa mifupi, inagonga pete kwa mbele. Robo ya nne nilikuwa nasogea hatua moja karibu. Hatua hiyo ilinipa ribaundi moja au mbili kila mechi, na kila ribaundi ya ushambuliaji inairudishia timu yako sekunde 14 za kushambulia tena. Makocha wanaona. Mashabiki hawaoni, na hiyo utaizoea.

Hapa kwenye mikataba usome polepole, maana pameniuma. Msimu wangu wa tatu klabu fulani iliacha kulipa mwezi wa tano. Kwanza tukaambiwa benki ina shida, kisha mfadhili amesafiri. Nilicheza miezi mitatu bila mshahara kwa sababu tulikuwa tunagombea ubingwa na nilidhani nikigoma nitaonekana msaliti. Ligi ilipoisha nikamtafuta mwanasheria. Akafungua mkataba wangu, akaufunga. Ndani yake hakukuwa na kifungu cha kupeleka mgogoro kwenye BAT, mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu ambayo FIBA iliianzisha na makao yake ya kisheria yako Geneva. Bila pande mbili kukubaliana hivyo kwa maandishi, BAT haina pa kushikia. Nikaambiwa niende mahakama za kawaida za nchi ile, kwa lugha yao, na wakili wa kwangu. Fedha ile sikuiona.

Kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta kifungu hicho. Kisha tafuta neno linalosema mshahara ni kabla au baada ya kodi. Tafuta pia nani analipa upasuaji ukiumia, na kama klabu inaweza kukuacha kwa sababu umeumia. Na siku ngapi baada ya kufika wanaruhusiwa kukufanyia vipimo na kukurudisha: ikiwa siku hizo hazikuandikwa, umekwenda kwenye majaribio ukidhani umeajiriwa. Wakala wako awe na leseni, na akusomee kila mstari. Akikwambia "hivyo ni vya kawaida tu, saini", mwombe siku mbili.

Kuumia. Nilicheza na maumivu chini ya pia ya goti kwa misimu miwili, nikidanganya kila asubuhi kwamba limepona. Vidonge kabla ya mechi, barafu baada yake. Yule mtaalamu wa viungo aliyenisaidia hatimaye hakunipa dawa yoyote ya ajabu. Alinipunguzia idadi ya kuruka kwa wiki na akanifanya nichuchumae na uzito polepole, polepole sana, kwa miezi. Nilichukia. Lakini goti lile lilinipa misimu mingine mitano. Hesabu miruko yako ya mazoezini. Ile ya danki (kuruka na kuusukumia mpira kikapuni kwa mkono) za kuwafurahisha watoto baada ya mazoezi nayo ihesabu.

Na video unayomtumia wakala, tafadhali, isiwe danki kumi na muziki. Danki kila mtu anazo. Mtumie mechi mbili nzima, na moja iwe ile mliyofungwa. Anataka kuona unakimbiaje kurudi baada ya kupoteza mpira, na unafanya nini mwenzako akifunga wewe ukiwa umesimama peke yako, hujapewa pasi. Kocha mmoja aliwahi kuniambia alinisajili kwa sababu ya dakika niliyokuwa benchi. Kamera ilinipitia nikiwa nimesimama, nampigia kelele mwenzangu kwamba skrini inakuja kushoto. Hakuniambia lolote kuhusu pointi.

Nilimaliza nikiwa na miaka 34. Msimu wa mwisho nilicheza kama dakika tisa kwa mechi, na wastani wangu sitautaja, si kwa aibu bali kwa sababu siukumbuki. Waliniletea kijana wa miaka 19, sentimita 203, aliyetoka kufunga anavyotaka huko alikotoka. Kocha akasema, "Mfundishe kona." Nikabandika utepe wangu sakafuni. Kijana akautazama, akacheka, akaniuliza, "Kaka, hapa pa kujifunza nini?" Nikamrushia pasi kumi. Mstari aliukanyaga mara sita.

Hakucheka tena. Akaniomba nimrushie kumi nyingine, kisha kumi nyingine, mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuzima taa. Nilipoondoka, utepe nilimwachia pale sakafuni.