Kabla ya Kupanda Maua, Zungumza na Jirani

Msomaji ameandika kwa uchungu: amezungushia shamba lake maua ili kuvuta wadudu rafiki, na bado vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wamemaliza kunde. Mwishoni anagusia kwamba majirani wa pande zote mbili hupiga dawa kila wiki. Jibu limo humo humo.

Dawa inayoua kila mdudu haimbagui rafiki. Nyigu wanaotaga mayai ndani ya vidukari ni wadogo kuliko mbu. Wakivuka mpaka, wamekwisha. Vidukari huzaa bila dume, na palipo na joto kizazi kipya huwa tayari kwa wiki moja hivi, kwa hiyo hao ndio wa kwanza kurudi, na hakuna tena wa kuwala. Maua katikati ya mashamba yanayopigwa dawa hivyo huwaita rafiki zako waje wafe.

Basi makubaliano kwanza, mbegu baadaye. Wanaopakana, hata wakiwa watatu, wachague siku moja ya wiki ya kukagua mashamba yote pamoja, mimea 20 kila shamba, na asipige dawa mtu kabla wenzake hawajaona alichokiona. Geuza majani. Usihesabu vidukari wazima tu. Tafuta waliovimba, wakawa rangi ya shaba na kukauka kama punje. Hao wameliwa ndani kwa ndani, na penye tundu la duara mgongoni nyigu keshatoka. Kidude laini kisicho na miguu, kinachojikokota katikati ya vidukari, ni mtoto wa nzi wa maua, na chakula chake ni hao hao. Wengi humponda wakidhani ni adui. Tafadhali, acheni!

Ukanda wenyewe wa maua uwe na upana wa mita 2 hadi 3, uungane shamba kwa shamba. Giligilani na shamari zinafaa sana, kwani maua yake yako wazi na nyigu wenye midomo mifupi huifikia nekta. Maua ya mapambo yenye petali rundo hayawasaidii. Changanya kipimo 1 cha mbegu na 5 vya mchanga mkavu, mwaga, funika kwa udongo usiozidi sentimita 1. Mbolea usiweke, nyasi zitayameza maua. Ng'oa magugu ya ukoo mmoja na zao lako: mnavu kando ya nyanya hufuga wadudu wa nyanya. Ukifyeka, fyeka nusu, na nusu ya pili ingoje hadi ya kwanza ichanue tena.

Anayelazimika kupiga dawa awaambie wenzake siku moja kabla. Apige paliposhambuliwa tu, jioni upepo ukitulia, na aache mita 6 bila dawa kando ya ukanda.